Viatu vya Magurudumu na Mguu Uliokufa Ganzi

Mhariri ametupa nafasi katika gazeti hili tueleze jambo lililotupata katika kazi yetu ya ualimu, nasi twamshukuru. Wasomaji wengi watashangaa wakiona ya kuwa jambo lenyewe ni viatu, tena si viatu vya kuendea shuleni wala vya shambani, bali vile vyenye magurudumu chini ambavyo vijana wa mijini huvaa na kuteleza navyo juu ya lami. Twaomba radhi kwa wale wasiopenda michezo. Lakini watuvumilie kidogo, kwa kuwa habari hii yahusu pia neno hilo hilo la kuvumilia, ambalo sisi walimu twalitamka kila siku pasipo kulipima.

Sisi tuandikao haya tulikulia kijijini, na miguu yetu haikujua kiatu mpaka tulipokwenda shule ya bweni tukiwa na umri wa miaka 14. Baba alitununulia viatu vyeusi vilivyozidi mguu kwa upana wa vidole viwili, ili vitufae na mwaka wa pili. Tulijaza karatasi za gazeti mbele, tukatembea kama bata. Mwaka wa pili vilikuwa sawa, na mwaka wa tatu vilikuwa vidogo, lakini vilikuwa vile vile. Kwa hiyo kwetu kiatu kuuma lilikuwa jambo la desturi, kama chaki kuchafua mikono. Hata katika chuo cha ualimu cha misheni, ibada ilipokuwa ndefu, wanafunzi wengi tulivua viatu kimya kimya chini ya benchi, na kazi ilikuwa kuvivaa tena kabla ya wimbo wa mwisho.

Basi, mwaka 2018 ua wa shule yetu, shule ya msingi katika mji mdogo wa nyanda za juu za Kenya, ulitiwa sakafu ya saruji. Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuja kututembelea akaiona sakafu ile, akasema, “Mwalimu, hapa pafaa magurudumu.” Huko Nairobi alikuwa amezoea kuwaona vijana wakiteleza siku za Jumapili katika viwanja vya kuegeshea magari. Baada ya mwezi alirudi na gunia. Ndani yake mlikuwa na jozi 14 za viatu vya magurudumu, vyote vya mitumba. Vingine vilikuwa na magurudumu mawili mbele na mawili nyuma kama gari, na vingine vilikuwa na manne yaliyofuatana katika mstari mmoja. Ulimi wa kila kiatu ulikuwa na namba, ila namba zenyewe hazikupatana: kimoja 38, kingine 7, kingine 24.5, na vingine namba zimefutika kwa jasho la watu tusiowajua.

Watoto 60 walitaka kucheza. Sisi ndio tuliokuwa mwalimu wa michezo, nasi tukafanya jambo tuliloliona kuwa la haki tupu: tulipiga kura. Kila Jumamosi mtoto aliokota kikaratasi kutoka katika kofia, na jozi iliyoandikwa humo ndiyo yake kwa siku ile. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mwalimu ana upendeleo. Wazazi walitusifu kwa utaratibu huu, nasi tulifurahi kusifiwa.

Jozi moja tulijitengea sisi wenyewe, maana tuliona haya kuwafundisha watoto jambo tusilolijua. Viatu vile vilikuwa vizuri mno kwa macho, vyeusi, vyenye bizimu za chuma, lakini vilikuwa vyembamba. Mguu wetu ni mpana. Mwaka 1905 mganga mmoja wa mifupa, jina lake Hoffmann, alitoa maandiko juu ya miguu ya watu wasiovaa viatu na ya watu wavaao, naye alionyesha ya kuwa mguu usiojua kiatu hupanuka mbele na vidole vyake hutawanyika kama kipepeo cha mkono, lakini mguu wa mvaa viatu hufuata umbo la kiatu, si kiatu kufuata umbo la mguu. Hayo hatukuyajua siku ile. Tuliusukuma mguu ndani, tukakaza bizimu, tukasimama.

Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mema. Kisha palianza maumivu katika upinde wa wayo, maumivu mazito kama ya mtu aliyesimama juu ya mwamba wenye ncha. Baadaye upande wa kidole kidogo ukaanza kuchomachoma kama sindano. Kisha, wasomaji, maumivu yalikwisha, nasi tulishukuru. Hapo ndipo tulipokosea, kwa kuwa hayakwisha kwa kupona, bali mguu ulikuwa umekufa ganzi. Tulipotaka kugeuka mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu hatukujua kama wayo umelala upande huu au upande ule, tukaenda moja kwa moja hata kwenye maua ya mwalimu mkuu. Watoto walicheka mpaka wengine walikaa chini. Sisi tulicheka pia. Tulidhani ni ugeni tu wa mchezo, na Jumamosi iliyofuata tulikaza bizimu zaidi ya kwanza, tupate kuutawala mguu. Ukazidi kufa.

Tulipotaka kujifariji tulisoma habari za mchezo huu, tukaona ya kuwa hatukuwa wa kwanza kuanguka. Watu wa nchi za baridi waliteleza juu ya barafu zamani sana. Huko Finland watu walifunga mifupa ya farasi na ya ng'ombe chini ya miguu kwa kanda za ngozi, wakajisukuma kwa fimbo juu ya maziwa yaliyoganda, na jambo hilo lina zaidi ya miaka 3,000. Aliyejulikana kwanza kwa kutia magurudumu ni fundi mmoja wa saa na vinanda, John Joseph Merlin, mzaliwa wa mji wa Huy ulio sasa katika Ubelgiji, aliyehamia London mwaka 1760. Yasimuliwa kwamba aliingia katika karamu ya wakubwa akiteleza na kupiga fidla pamoja, naye kwa kuwa hakuwa na njia ya kusimama wala ya kugeuka alikipiga kioo kikubwa cha thamani, akakivunja, na fidla ikavunjika, na mwenyewe akaumia. Njia ya kugeuka kwa kuinamisha mguu ilipatikana mwaka 1863, alipoitengeneza James Plimpton wa New York. Tena twasoma kwamba mpaka mwanzo wa karne ya 19 viatu vingi vya Ulaya havikuwa na kulia wala kushoto, vyote viwili umbo moja. Watu wenye elimu nyingi walikaa miaka 200 wakivaa hivyo! Twaona basi kwamba mwanadamu yu mwepesi kuutesa mguu kuliko kukibadili kiatu.

Hata nchini kwetu barafu imefika. Mwaka 2005 palifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, katika barabara ya Mombasa pale Nairobi, na humo ndimo walimojifunza vijana wa timu ya Kenya Ice Lions, wachezao magongo juu ya barafu. Hawakuwa na timu nyingine nchini ya kushindana nayo. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza huko na timu ya wageni kwa mara ya kwanza, na wachezaji wawili mashuhuri wa kule, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi yao na kuingia uwanjani upande wao. Tuliwasomea watoto habari hiyo darasani. Siku ile hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Miongoni mwao alikuwapo msichana mmoja wa darasa la saba, mwembamba, mwenye kusema machache, aliyelelewa na nyanya yake. Yeye alikuwa hodari kupita wavulana wote. Kura ilimpa mara mbili jozi ile kubwa ya kijani. Jumamosi ya pili alikuja kando tulipokuwa na filimbi, akasema polepole, “Mwalimu, siisikii miguu yangu.” Tulimtazama. Hakuwa akilia. Viatu vilikuwa vikubwa, si vidogo, nasi tulijua kwa hakika (hivyo tulidhani) kwamba kiatu kikubwa hakiwezi kuumiza mtu. Mbele ya wenzake tulimjibu kwa sauti, “Vumilia, binti. Wale wa Kanada walifikaje?” Wenzake walipiga makofi. Naye akarudi.

Jumamosi ya tatu kura ilimpa jozi ile ile. Hakusema neno. Alishuka mteremko ule mdogo ulio karibu na kisima, mahali ambapo mtu hana budi kukanyaga breki ya kisigino, nasi tuliona kwa macho yetu mguu wake wa kulia ukiinuka ili kukanyaga, ukakanyaga pasipo mahali pake, kama mtu ashukaye ngazi gizani akidhani ipo ngazi moja zaidi. Alianguka juu ya mkono. Sauti ya mfupa tuliisikia.

Katika zahanati tabibu alifunga mkono kwa vibao, akaandika barua ya kwenda hospitali ya wilaya kupigwa picha na kutiwa plasta. Kisha aliuliza jambo tusilolitazamia: “Alianguka kwa sababu gani?” Tulisema kwamba ni mchezo tu. Yeye hakuridhika. Alimvua soksi, na zilikuwa jozi tatu, moja juu ya nyingine. Juu ya mgongo wa mguu palikuwa na mistari ya kamba, myekundu, iliyozama katika ngozi kama alama za kamba katika shingo ya mbuzi. Tabibu alichukua pamba akagusa mguu hapa na pale, na binti kila mara alisema, “Naam.” Alipogusa mahali palipo kati ya kidole gumba na kidole cha pili, binti alikaa kimya. Aligusa tena. Kimya.

Akatueleza, tena kwa upole, ingawa tulistahili maneno makali. Juu ya mgongo wa mguu, mahali kamba za kiatu zipitapo, upo mshipa wa fahamu ambao umelala juu ya mifupa pasipo nyama ya kuukinga, na huo ndio upelekao habari za mahali pale kati ya vidole viwili vya kwanza. Ukibanwa kitambo, mguu hulala na kuamka. Ukibanwa siku baada ya siku, huchelewa kuamka. Na kiatu kikubwa, alisema, ndicho kibanacho mahali hapo kuliko kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kisigino chacheza ndani, na mtoto aona hatari, basi ajaza soksi na kukaza kamba kwa nguvu zote ili kiatu kisimtoke. Tena hukunja vidole kukamata wayo wa kiatu, kama ndege akamatavyo tawi, na nyama za chini ya mguu huchoka na kuuma. Kiatu kidogo chaubana mguu chenyewe. Kiatu kikubwa mtu hujibana mwenyewe.

Tukamwuliza kama hisia zitarudi. Alisema kwamba kwa mtoto hurudi mara nyingi, ikiwa kinachobana kimeondolewa. Kisha aliuliza kama binti hakulalamika mapema. Hatukumjibu upesi.

Jioni ile tulikwenda kwa nyanya yake. Alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Tuliamkia, akatukaribisha kwenye kigoda, nasi tulieleza habari zote, za kura, za kamba, na za soksi tatu. Alisikiliza bila kuacha maharagwe. Tulipokwisha aliuliza, “Mwalimu, mtoto alisema?”

“Alisema, mama.”

“Akaambiwa nini?”

“Akaambiwa avumilie.”

Bibi yule alinyamaza. Akachambua mkono mmoja wa maharagwe, na mwingine. Halafu akasema, “Hata mimi humwambia hivyo hivyo,” akaingia ndani kutuletea chai. Twakiri kwamba tungalipenda atukemee. Chai ile ilitushinda kuimaliza.

Baada ya hayo tuliyafungia viatu vyote kabatini. Wazazi kadhaa walitaka vichomwe moto, na mwalimu mkuu alikuwa karibu kukubali. Aliyetusaidia ni fundi viatu akaaye chini ya mti karibu na kituo cha matatu, mzee asiyesoma ila namba. Tulimpelekea jozi ile ya kijani ili atuambie kama yafaa kitu. Hakukitazama kiatu. Aliuliza, “Mguu uko wapi?” Tukamwambia ni wa mtoto, uko shuleni. Akasema basi atakuja shuleni, kwa kuwa kiatu bila mguu ni ngozi tu.

Alikuja siku ya Ijumaa saa tisa na nusu. Tulimwomba aje asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka, akakataa: mguu wa asubuhi, alisema, si mguu wa jioni, kwa maana huvimba kidogo kidogo mchana kutwa, na apimaye asubuhi hununua kiatu cha mtu mwingine. Tena hakutaka watoto wakae. Alimsimamisha kila mmoja juu ya karatasi, uzito wote juu ya miguu, maana mguu unaobeba mwili hurefuka na kupanuka kuliko unaoning'inia. Akauzungusha kalamu, na kupima urefu toka kisigino hata kidole kirefu, na upana mahali penye vifundo vya vidole. Karatasi zilikuwa migongo ya mitihani ya muhula uliopita. Watoto 60, miguu 120. Wengi wao mguu mmoja ulizidi mwingine, nasi tulioishi na miguu miwili miaka yote hii hatukuwa tumelijua hilo. Alisema kwamba mguu mkubwa ndio uchaguliwe kiatu.

Kisha alipima viatu kwa ndani, akatoa wayo wa kitambaa uliomo na kuulinganisha na michoro. Namba za ulimi hakuzitumia hata moja, ila sisi baadaye tulijifunza kwamba 38 ya Ulaya ni karibu sentimita 24 za mguu, na ya kuwa 7 ya Marekani ya wanawake si 7 ya wanaume. Kiatu cha magurudumu, mzee aliona upesi ingawa hakupata kukivaa, si kama kiatu cha kutembelea kinachotaka nafasi ya kidole mbele. Mtoto akisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, na akikunja magoti kama achezaye, virudi nyuma na kuacha kugusa. Kisigino kisiinuke. Soksi iwe moja, nyembamba. Kamba zilegee mbele penye vidole na kukazwa juu penye kifundo cha mguu, na pale penye mshipa ule aliotuonyesha tabibu, ruka tundu moja usipitishe kamba. Mahali kiatu cha ngozi kilipobana alikiloweka akakipanua kwa kalibu yake ya mbao siku mbili. Vile vya plastiki alijaribu kimoja kwa maji ya moto, kikaharibika. Alisikitika sana, akakataa kulipwa kwa kazi ya siku ile.

Katika jozi 14, jozi 9 zilipata wenyewe. Kila jozi ilipewa watoto watatu au wanne wenye mguu wa namna moja, na orodha ikabandikwa mlangoni. Kura ilikufa. Watoto ishirini na zaidi hawakupata kiatu kabisa, nao walinung'unika, na mzazi mmoja alituambia usoni kwamba siku hizi mwalimu ana upendeleo. Tulimwonyesha mchoro wa mguu wa mwanawe, mpana kuliko kiatu chochote kilichokuwamo. Aliondoka bila kuridhika. Twamfahamu. Kura ilikuwa rahisi kueleza kuliko mguu.

Msichana yule alikaa na plasta wiki sita. Mahali kati ya vidole viwili palianza kumwasha, na kuwashwa huko kulimfurahisha tabibu kuliko jambo lolote, kwani ni dalili ya mshipa kuamka. Muhula uliofuata alikuja uwanjani, mguu wake umeandikwa chini ya jozi ya buluu, sentimita 23. Alivaa, akafunga kamba, akasimama, akafungua, akafunga tena, nasi tulimwacha achukue wakati wake. Alipoondoka hakutuangalia. Alizunguka ua mara tatu, akashuka mteremko wa kisimani, akakanyaga breki, akasimama.

Sisi wenyewe hatukupata jozi ya mguu wetu. Ile nyeusi yenye bizimu ilipewa mwalimu wa hesabu, mwenye mguu mwembamba. Siku za Jumamosi twasimama ukingoni tukiwa na filimbi, miguu katika kandambili, na mtoto akisimama ghafula na kuinamia kamba zake, twapuliza filimbi, wote wakae chini na kuvua.